Kifua cha Kipaza

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika hata kwa mama mkwe wake. Mtaa mzima ulimwita Kipaza, na akienda ofisini akaulizwa jina, ilimbidi afikirie kidogo kabla ya kutaja lile la kwenye kitambulisho. Sauti iliyompa jina hilo alizaliwa nayo. Shuleni kengele ilipoibwa, mwalimu mkuu hakuhangaika kununua nyingine. Alimsimamisha mtoto yule barazani na kumwambia, "Ita wenzako," na darasa la mwisho kabisa, lile la karibu na vyoo, likatoka mbio.

Alipokua, sauti ile akaifanyia biashara. Alikuwa na genge la mboga sokoni, kona ya kuingilia, nyanya mbele, vitunguu pembeni, mboga za majani zimelala kwenye gunia bichi. "Nyanya hizo! Zimeiva kwa hiari yake, hakuna aliyezilazimisha! Njoo uchukue kabla hazijabadili mawazo!" Watu walicheka na kununua. Waliokuwa na haraka walinunua ili wapishwe.

Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache kama aliyenunua kila neno dukani. Alikaa kwenye kibanda chake cha vioo ng'ambo ya pili ya soko, kilenzi kimebanwa jichoni, kichwa kimeinama juu ya vigurudumu vidogo kuliko punje za mtama. Watu walishangaa ndoa ile ilisimamaje. Mwenyewe aliwahi kuulizwa, akajibu bila kuinua uso: "Nikitaka kujua ni saa ngapi sitazami saa. Nasikiliza mke wangu amefikia wapi." Ndilo jibu refu zaidi ambalo mtu yeyote pale sokoni aliwahi kulipata kutoka kwake.

Mwaka kiwanda cha mafuta ya kula kilipofungwa, mtaa uliingiwa na njaa. Haikuwa njaa ya kutangazwa redioni. Ilikuwa ya kimyakimya: watu wakanunua kitunguu nusu, watoto wakalala mchana kwa kukosa nguvu ya kucheza, na mtu aliyekuwa akila mara tatu akawa anasema tumbo lake siku hizi halipendi vyakula vingi. Hapo ndipo mwanamke mmoja aliyestaafu unesi, ambaye hata baada ya kustaafu hakuna aliyethubutu kumwita kitu kingine ila Nesi, alipowakusanya wanawake wenzake kwenye ukumbi wa nyuma ya zahanati. Wakaanzisha kikundi. Walipika uji wa lishe kwa watoto na wazee, waligawa unga na maharage waliyochangiwa na wenye maduka, na waliwatembelea wagonjwa majumbani kuona kama wanameza dawa zao na wana cha kuzimezea.

Kipaza alikwenda siku ya kwanza kabisa, kikapu cha nyanya kichwani.

"Nimekuja," alisema, na madirisha yakatikisika.

Nesi alimtazama kwa miwani yake iliyoshuka puani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, aliyepiga pasi hata kitambaa cha kufutia jasho. "Karibu, mwanangu. Mikono tunaihitaji. Utapika, na siku za kugawa utaita watu. Ila majumbani kwa wagonjwa hutakwenda."

"Kwa nini, Nesi?"

"Kwa sababu kazi ile inataka mtu mwenye kifua. Mtu akiniambia ugonjwa wake, neno hilo linakufa hapa." Akajigonga chini ya shingo. "Wewe, samahani, ukinong'ona nyumbani kwako, mimi nasikia kwangu."

Wanawake waliinamisha nyuso kuficha kicheko. Mwingine angechukua kikapu chake na kuondoka. Kipaza alikitua chini, akajifunga khanga kiunoni, akanyoosha mkono. "Nipe mwiko, Nesi. Hayo mengine utanipa mwenyewe siku ukiniona nafaa."

Wala hakuweka kinyongo. Alijua Nesi hakumtukana. Alikuwa amesema lililokuwa likisemwa na kila mtu. Akapika, akaosha masufuria, akasimama mlangoni kuita watu, na Nesi alipowapa wanawake masomo, alikaa mstari wa mbele, akasikiliza kama mtu anayesubiri kusikia jina lake. Walifundishwa kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha. Walifundishwa kupima mkono wa mtoto ili kujua kama amedhoofu. Siku ya kifua kikuu Nesi alikazia mambo matatu hadi wakayakariri: dawa zake hazielewani na tumbo tupu, mgonjwa asiziache hata akijiona amepona, na wote wanaoishi naye lazima wapimwe.

Basi siku moja aproni ya Kipaza ikachanika mfukoni, akaipeleka kwa fundi cherehani.

Fundi yule waliyemwita Mama Cherehani alikuwa na chumba kimoja chenye mlango wa barabarani. Mbele alishona, nyuma ya pazia aliishi na wanawe wawili. Yeye ndiye aliyewashonea kikundi kizima aproni zile za kijani, tena mishono imenyooka hata Nesi hakupata pa kukosoa. Mumewe alikuwa mmoja wa walioachishwa kazi kiwandani; alikwenda mbali kutafuta riziki, na miezi ikapita bila habari yake.

Kipaza alifika, akafungua kinywa kubisha hodi kwa namna yake, hodi ikamkwama kooni. Mama Cherehani alikuwa amelaza kichwa juu ya cherehani, mkono mmoja bado umeshika kitambaa, mguu umeteleza kwenye pedali. Midomo ilikuwa imekauka, imepauka.

"Jamani! Ja—"

"Usipige kelele," Mama Cherehani alisema bila kufumbua macho. "Nakuomba, dada. Kwa lolote unalolipenda, usipige kelele."

Kipaza aliufunga mlango. Akampa maji, akamkalisha kitako sakafuni, mgongo ukutani. Akatafuta kitu cha kumpepea, akavuta droo ya cherehani. Humo, chini ya vigurudumu vya uzi, akaona vidonge. Vingi vilikuwa havijaguswa. Aliwahi kuoneshwa vidonge kama vile ukumbini.

"Hivi unavimeza?"

"Nilikuwa navimeza." Mama Cherehani alipumzika kati ya maneno. "Nikivimeza bila kula, natapika. Na chakula kilichopo nawapa watoto. Nikasema niviache kidogo, mpaka mambo yakae sawa."

"Na ukumbini kuna uji! Kuna unga! Hatua chache tu kutoka hapa! Mbona hujaja kwenye foleni?"

"Mimi?" Kwa mara ya kwanza mwanamke yule alifumbua macho, na hasira ikampa nguvu. "Aproni mlizovaa nyote nimewashonea mimi. Nikasimame mbele yenu na bakuli? Halafu mtaa ukijua naumwa nini, nani ataleta nguo ishonwe na mtu wa kifua? Hata dawa nachukulia zahanati ya mbali, nisionekane. Ukisema, Kipaza, nahama na wanangu. Sijui pa kwenda, lakini nahama."

Kipaza alichuchumaa mbele yake. Alikuwa amekwisha kuwaza kukimbia ukumbini kumwita Nesi, na pengine lingekuwa jambo la busara. Lakini alimwona mwenzake anavyomtazama, kama mtu aliyeangusha kikombe na kusubiri kisikike kikigonga sakafu.

"Sitasema," alisema. "Lakini na wewe nipe neno lako. Dawa unazirudia, keshokutwa tunarudi wote kwa daktari wako akuambie uanzie wapi, na kila siku utakula nitakacholeta, hata kama hukipendi."

"Utaletaje? Wewe ukipita njia hii hata viziwi wanageuka."

"Hilo ndilo zuri lake," Kipaza akasema. "Mtu akizoea kelele zangu, hatazami nimebeba nini."

Kuanzia juma lile, mtaa ule ulipata kioja. Kipaza, ambaye tangu aolewe na fundi saa hakuna aliyemjua kwa mavazi, akapatwa na wazimu wa nguo. Kila mara alipita na furushi la kitambaa kwapani, akipaza sauti tangu kona ya soko: "Mama Cherehani! Safari hii nataka mikono ya kupuliza! Ile ya juzi imenibana makwapa!" Kesho yake, furushi jingine: "Kola, bibi wee! Umesahau kola! Nitaonekana kama nimevaa foronya!" Watu walishika mbavu. Ndani ya furushi, kitambaa kilikuwa kile kile, cha maua ya njano, na katikati yake kulikuwa na unga wa uji, maharage, mayai yaliyofungwa kwa magazeti yasigongane. Hakuchukua ukumbini, vile vilikuwa vya foleni na vilihesabika. Alichukua gengeni kwake na jikoni kwake.

Mumewe hakuambiwa. Aliona maharage yanapungua koponi, akaona kitambaa cha njano kinatoka na kurudi, hakuuliza. Asubuhi moja Kipaza alikuwa anafunga furushi kwa haraka, mumewe akasimama nyuma yake.

"Fundo lako linafunguka," akasema. Akaliondoa mikononi mwake, akalifunga upya kwa vile vidole vyake vya kushika vigurudumu, likakaza. Kisha akatoka kwenda kazini. Kipaza alibaki pale jikoni amesimama. Alimpenda mtu yule siku zote, ila siku ile alimpenda upya.

Aliyeuliza ni wifi yake. Dada wa fundi saa alikuwa mwanamke mwenye roho nzuri na ulimi usiojua kupumzika. Alikuja akavuta kiti, akiwa amekwisha kukasirika njiani.

"Wifi, kaka yangu anavaa suruali yenye kiraka, nawe kila kukicha uko kwa fundi! Unaolewa mara ya pili?"

"Mwanamke kupendeza, wifi yangu."

"Kupendeza wapi? Mbona hayo magauni hatuyaoni?"

"Nayatunza."

"Unamtunzia nani?"

Kipaza, aliyekuwa na jibu la kila mteja, kila dalali na kila mlevi wa soko zima, aliinuka akateleka maji. Akamkaribisha wifi chai. Wifi aliinywa kwa hasira, na alipoondoka alikuwa amekwisha kuamua kwamba kaka yake anaonewa.

Mama Cherehani alianza kurudi katika mwili wake. Mashavu yalijaa kidogo, cherehani likasikika tena mchana kutwa. Dawa sasa zilikaa tumboni. Lakini lilibaki jambo moja lililomkosesha Kipaza raha: watoto. Alikumbuka somo la Nesi, wote wanaoishi naye lazima wapimwe. Mama yao hakuwa bado na nguvu za safari mbili katika juma moja. Basi Kipaza akachukua kadi ya zahanati ile ya mbali, akawavalisha watoto viatu, akapanda nao basi.

Zahanati ilijaa. Dirisha la kifua lilikuwa mwisho wa ukumbi, maandishi makubwa juu yake, na nyuma ya kioo kijana mhudumu aliyechoka.

Kipaza aliinama hadi mdomo ukakaribia kugusa kioo. Akanong'ona.

"Mama, ongea, sisikii."

Akanong'ona tena.

"Mama, kama huna sauti chukua karatasi uandike."

Hakuna aliyewahi kumwambia neno lile tangu azaliwe. Alikaribia kucheka. Akaisukuma kadi kupitia tundu la kioo, akawaonyesha watoto kwa kidole, na mhudumu akaelewa, akawaita ndani wapimwe. Kipaza akakaa kwenye benchi, chini ya maandishi yale, kumsubiri daktari amalize nao.

"Wifi?"

Wifi yake alikuwa amesimama mbele yake, kikaratasi cha vipimo vya presha mkononi, macho yakipanda kwenye maandishi na kushuka tena kwake. "Wifi, unafanya nini huku?"

Mlango wa chumba cha vipimo ulikuwa nyuma ya mgongo wa wifi. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mdogo akimuuliza daktari kama sindano inauma. Wakati wowote ungefunguliwa, wakatoka watoto wawili ambao mtaa mzima uliwajua ni wa nani.

"Nimekuja kupima kifua," Kipaza alisema. "Nina wasiwasi nacho. Nenda, wifi yangu. Usinikaribie, nisije nikakuambukiza."

Wifi aliziba pua na mdomo kwa mtandio, akarudi kinyumenyume, na kabla mlango haujafunguliwa alikuwa amekwisha kufika barabarani. Watoto walitoka. Wote wawili walikuwa salama. Mdogo akapewa dawa za kinga na peremende. Kipaza aliwashika mikono akarudi nao, roho nyeupe, akijua kabisa anachokiendea.

Habari ilimtangulia kufika. Asubuhi sokoni alipaza sauti kama kawaida, "Nyanya hizo!" na watu wakapita upande wa pili. Jirani yake wa vitunguu alisogeza meza yake, polepole, akijitia anafuata kivuli. "Kipaza ana kifua," walinong'onezana. Magauni nayo yakapata maelezo: kumbe alikuwa anajiandalia nguo kwa kuwa anajua hana siku nyingi. Wapo waliolia kweli kwa kumhurumia, ila hawakununua hata kitunguu.

Ukumbini wanawake walisogea kando alipoingia. Nesi alimpungia mkono waingie kwenye chumba kidogo cha stoo, kati ya magunia ya unga.

"Mwanangu, ni kweli?"

"Mimi siumwi, Nesi."

"Mtu unayepika uji wa watoto, neno lako peke yake halinitoshi. Wala usingetaka linitoshe."

"Ndiyo maana nimekuja mapema," Kipaza alisema. "Nipeleke hapo zahanati yetu, wanipime mbele yako."

Walikwenda. Alipimwa, hakuonekana na kitu. Walipokuwa wakirudi Nesi alisimama kati ya njia.

"Basi kwa nini ulimwambia wifi yako vile?"

Kipaza alitazama viatu vyake. "Hilo siwezi kukuambia, Nesi. Hata ukinifukuza."

Nesi alimtazama usoni. Alikuwa amefanya kazi ya unesi maisha yake yote. Alijua sura ya mtu anayeficha lake, na sura ya mtu anayeficha la mwenzake. "Huyo usiyemsema," akauliza taratibu, "anameza dawa?"

"Anameza."

"Anakula?"

"Anakula."

"Walio nyumbani kwake wamepimwa?"

"Wamepimwa."

"Kumbe," Nesi akasema. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Basi rudi ukapike."

Siku ile ile aliwatangazia wanawake wote kwamba Kipaza mzima kama jiwe na yeye Nesi ndiye shahidi. Wanakikundi waliamini. Mtaa haukuamini, wakasema wanafichiana. Genge likaendelea kukaa bila wateja, na mboga za majani zikanyauka kwenye gunia lake. Kipaza aliendelea kuita. Alisema moyoni, nikinyamaza watasema nimezidiwa.

Ndipo siku moja, jua likiwa kali, watu waliona jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Fundi saa alifunga kibanda chake mchana. Akavuka soko na kigoda chake, akakiweka mbele kabisa ya genge la mkewe. Akakaa. Akachukua nyanya moja kwenye fungu, akaifuta kwa shati, akaiuma. Maji yakamchuruzika kidevuni. Akaimaliza, akachukua ya pili. Alitazama kila aliyepita, kilenzi chake bado kimening'inia shingoni, akala.

"Utaniharibia biashara," Kipaza alimwambia, macho yamejaa.

"Biashara gani?" mumewe akajibu, na wote wawili wakaangua kicheko hadi jirani wa vitunguu akageuka. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alisimama, akawatazama, akasema, "Nipimie na mimi." Baada yake akaja mwingine. Hawakuwa wengi, lakini gunia siku ile halikurudi nyumbani limejaa.

Mama Cherehani hakuwa na habari. Alikaa ndani na kazi yake, na Kipaza alipoleta mafurushi alipiga kelele zile zile za mikono na kola. Aliyemwambia ni mteja, mwanamke aliyesimama kwenye kioo akipimishwa sketi. "Masikini Kipaza," alisema, "yule mteja wako. Unajua ana kifua? Wifi yake alimkuta mwenyewe kule zahanati ya mbali, tena kwenye dirisha la kifua." Mama Cherehani alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini, akauliza ni siku gani. Aliposikia siku, alikaa chini.

Siku ya kugawa unga, foleni ilikuwa imefika hadi uani. Kipaza alikuwa mlangoni, anaita wazee wapite kwanza. Wifi yake naye alikuwa pale. Alikuwa ameleta kuni, na alisimama mbali kidogo na upepo wa wifi yake. Mama Cherehani akatokea barabarani, amevaa vizuri, amewashika wanawe mkono huku na huku. Hakuingia kwenye foleni. Alikuja moja kwa moja mbele.

Kipaza alimwona usoni, akajua. "Mama Cherehani!" akapaza, sauti ikapasua ua wote. "Rudi nyumbani, gauni langu halijakwisha!"

"Hakuna gauni," Mama Cherehani alisema. Hakuwa na sauti kubwa, ila kila mtu alisikia. "Halijawahi kuwapo gauni. Mwenye kifua kikuu ni mimi. Niliacha dawa kwa njaa, na nilikuwa nakufa mle ndani nanyi mnapita mlangoni kwangu. Huyu ndiye aliyenilisha. Vitambaa vile vilikuwa na unga ndani. Kule zahanati aliwapeleka wanangu hawa kupimwa, na alipoulizwa, akajisingizia yeye." Akavuta pumzi, kifua chake bado kilikuwa hakijapata nguvu zote. "Daktari ameniambia sasa siambukizi. Anayetaka kunikimbia na anikimbie, lakini huyu mwacheni auze nyanya zake."

Kipaza alikuwa mlangoni, mikono miwili mdomoni.

Nesi ndiye aliyetembea kwanza. Alikwenda akamshika Mama Cherehani mkono, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, mbele ya wote, akampa kikombe cha uji. Wifi alitua kuni zake. Alimwendea Kipaza, akajigusa midomo.

"Wifi, mimi mdomo wangu huu..."

"Nilikudanganya, wifi. Ulisema ulichoambiwa."

"Hata hivyo sikuambiwa nikiseme." Akamkumbatia, akalia begani kwake, kwa kelele.

Haikuwa kwamba mambo yote yalinyooka mara moja. Wapo wateja waliokwenda kuchukua vitambaa vyao kwa Mama Cherehani kabla havijakatwa, bila kumtazama usoni. Lakini kabla juma halijaisha, watu kadhaa walimvuta Nesi pembeni, mmoja akiwa mwalimu aliyeheshimika, mwingine mzee aliyewahi kuwa msimamizi kiwandani. Kila mmoja alitaka kujua, kwa sauti ya chini, kama ule utaratibu wa furushi unaweza kufika na kwake.

Nesi aliwaita wanawake kikao. "Tulidhani njaa inakuja kwenye foleni," alisema. "Nyingine imejifungia ndani. Kipaza, simama utuambie ulifanyaje."

Akasimama, akaeleza, na Nesi akamkatiza mara moja tu, kumwambia kwamba siku nyingine mtu akianguka vile aitwe mhudumu kwanza na siri itunzwe baadaye. "Angekufia pale chini, siri ile ungemtunzia nani?" Kipaza alikubali, kwa kuwa ilikuwa kweli. Kisha Nesi akampa nyumba za wagonjwa za upande wote wa soko.

Foleni ilibaki kwa waliotaka foleni. Kwa wasioitaka, wanawake walikwenda wenyewe, kila mmoja na kisingizio chake: huyu anarudisha ungo alioazima, yule anakwenda kusukwa, mwingine anagombana na jirani juu ya kuku. Mama Cherehani aliwashonea mifuko ya kawaida kabisa, ya rangi mbalimbali, kila mmoja na mfuko wa pili kwa ndani. Wifi naye akaomba kujiunga. Kipaza alimtetea mwenyewe mbele ya Nesi, na mwaka mzima hakuna neno lililovuja kupitia kwake, jambo lililomshangaza zaidi yeye wifi.

Kiwanda hakikufunguliwa tena. Lakini mume wa Mama Cherehani aliandika kutoka alikokuwa. Alikuwa ameumia mguu kazini na kuona aibu kurudi mikono mitupu. Mkewe alimjibu kwamba mguu utauguzwa, na arudi vivyo hivyo alivyo. Akarudi. Siku Mama Cherehani alipomaliza vidonge vya mwisho na daktari kumwambia amepona, alikwenda gengeni, akachukua vipimo vya Kipaza kwa utepe, mabega, kiuno, mikono, huku mteja wake akilalamika kwamba anatekenywa.

Mwaka uliofuata wanawake wa mtaa mwingine, ng'ambo ya reli, walituma ujumbe: nao wana njaa iliyojifungia ndani, na wanataka kujifunza. Nesi alichagua wawili wa kwenda. Asubuhi ile Kipaza na Mama Cherehani walisimama kituoni na mifuko yao, na fundi saa alikuwa amefunga kibanda ili kuwasindikiza. Kipaza alikuwa tayari anamwita dereva ambaye basi lake lilikuwa bado halijaonekana.